Mzazi akitoka hospitali na mshono: jinsi ya kumuuguza nyumbani mpaka wiki ya sita

Mwaka huu nimemuuguza mdogo wangu baada ya operesheni ya uzazi, na miaka ya nyuma mi mwenyewe nilipasuliwa kwa mtoto wangu wa kwanza, kwa hiyo haya mambo nimeyaona nikiwa kitandani na nimeyaona nikiwa pembeni ya kitanda. Naandika kwa yule atakayeuguza, awe mume, mama, mama mkwe, wifi, dada mkubwa au dada wa kazi. Mzazi mwenyewe akisoma sawa, ila kazi hii sio yake, na hapo ndo wengi tunakosea, tunampokea mtu aliyekatwa tumbo kama vile kajifungua kawaida, siku ya nne tu unamkuta kainama anafua nguo za mtoto na watu wapo sebuleni wanaangalia tamthilia.

Ujue kwanza kilichofanyika mwilini. Ule mshono unaouona kwa nje, mara nyingi umelala chini kabisa ya tumbo, ni ngozi tu. Chini yake kuna mafuta, kuna ule utando mgumu unaoshikilia misuli, halafu ndo mfuko wa uzazi wenyewe, na vyote vimekatwa na kushonwa. Ngozi inaweza kufunga ndani ya wiki moja au mbili, mtu akaona kapona, wakati kule ndani bado kabisa, na ndo maana hospitali wanasema wiki 6.

HATUA YA 1: Andaa nyumba kabla hajaruhusiwa

Angalia kitanda. Kama analala godoro la chini, tafuteni kitanda hata cha kuazima, maana kuinuka kutoka sakafuni na mshono wa siku tatu ni mateso na unavuta nyuzi.

Halafu choo. Hili watu hawalisemi kabisa na mi nalisema kwa sababu nililia nalo. Kama choo chenu ni cha kuchuchumaa, wiki mbili za mwanzo atapata shida sana kushuka na shida zaidi kupanda. Sisi tulichukua kiti cha plastiki kile cha kawaida, fundi akakikata tundu katikati na kulainisha kingo, tukakiweka juu ya tundu la choo, basi anakaa kama anakaa kwenye choo cha kisasa. Usiku anawekewa ndoo yenye mfuniko chumbani. Msioneane haya kwenye hili.

Vitu vingine ni vya haraka: pedi kubwa za kutosha, chupi pana za pamba zinazopanda mpaka juu ya kitovu (za chini mpira wake unakaa palepale juu ya kidonda), madera mawili matatu mapana, thamomita, sabuni ya kipande isiyo na manukato makali, vitambaa vyeupe vya pamba vilivyofuliwa na kupigwa pasi, na mto mdogo mgumu kidogo. Huo mto ntauelezea.

Siku ya kurudi asipande bodaboda hata kama hospitali iko hapo karibu. Taksi au bajaji, mwambie dereva mapema kwamba nimebeba mgonjwa wa operesheni, kila tuta apunguze mpaka gari likaribie kusimama, na mzazi aukumbatie ule mto tumboni njia nzima.

Kabla hamjatoka wodini muulize nesi haya na uyaandike: nyuzi ni za kutolewa au zinayeyuka zenyewe, kidonda kifunuliwe lini, dawa gani saa ngapi na kwa siku ngapi, arudi tarehe ngapi, na kwanini alipasuliwa. Hilo la mwisho lisisahaulike.

HATUA YA 2: Kuamka kitandani

Mtu aliyepasuliwa asiinuke moja kwa moja kama mtu aliyeshtuka usingizini, tumbo lote linajikaza na hapo ndo anapiga kelele. Mfundishe hivi. Akunje magoti akiwa amelala chali. Ajigeuze mwili mzima aangalie ukutani au mlangoni, ubavu kamili, mabega na nyonga vigeuke pamoja. Ashushe miguu nje ya kitanda, na wakati huohuo asukume godoro kwa mkono wa juu na kiwiko cha chini, mwili unapanda wenyewe kwa uzito wa miguu. Akae ukingoni dakika moja, kizunguzungu kikiisha ndo asimame. We simama mbele yake, usimvute mikono, mwache akushike yeye.

Na ule mto: kila anapotaka kukohoa, kupiga chafya au kucheka, aubane tumboni kwa mikono miwili kwanza. Mdogo wangu alikuwa na kikohozi, usiku wa kwanza alikuwa anakizuia kwa kuogopa, akawa anapumua vifupivifupi. Nilipompa mto akaubana, akakohoa mara mbili makohozi yakatoka, akanitazama akasema dada kumbe hivi. Akalala.

Kutembea ni lazima. Hata huko wodini wanamwamsha ndani ya siku moja. Nyumbani atembee kidogokidogo, chumbani hadi sebuleni, kesho yake hadi barazani, mara kadhaa kwa siku. Mtu akilala tu damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya miguu, na mzazi yuko kwenye hatari hiyo zaidi ya mtu wa kawaida kwa wiki 6 zote. Kwa hiyo ukiona mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake, nyuma kwenye misuli panauma na pana joto, USIUKANDE, wala usiupake dawa ya kuchua, mpeleke hospitali sasa hivi.

HATUA YA 3: Kidonda

Hapa ntakaa sana kwa sababu hapa ndo mi niliumia.

Siku ya tano baada ya kurudi nyumbani alikuja mama mmoja wa mtaani, mtu mzima, anaheshimika, kazi yake kukanda wazazi. Alinipenda kweli, hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Akachemsha maji, akatia chumvi, akachovya kitambaa, akanikanda tumbo lote kwa kukandamiza ili damu chafu itoke, mshono nao ukapata sehemu yake. Kisha akanifunga kanga mbili zikabana mpaka nikawa napumua kwa shida. Joto la Dar la mwezi wa pili mnalijua. Kesho yake asubuhi nilivyofungua kanga nikakuta doa la maji ya njano limekaukia kwenye kitambaa, saizi ya shilingi hivi, na kona ya kulia ya mshono imekuwa nyekundu inang'aa, ukigusa pa moto kuliko pengine. Jioni harufu. Nikarudi hospitali, nyuzi mbili zikafunguliwa, kidonda kikawa kinasafishwa na kufungwa upya kila siku kwa wiki tatu, na mtoto mchanga mkononi.

Kwa hiyo kwa mdogo wangu nilisema mapema, kwa heshima, kwa kila mama aliyekuja: shikamoo mama, karibu, mkande mgongo na mabega kwa taulo la uvuguvugu, tumbo hapana, daktari amekataa. Ukimtaja daktari wanaelewa na hakuna anayejisikia vibaya.

Sasa jinsi ya kufanya. Ile bandeji ya hospitali ikae mpaka muda waliosema, mara nyingi siku moja au mbili. Ikishatolewa, aoge kwa maji yanayotiririka, kopo na ndoo inatosha, asikae kwenye beseni wala asilowane muda mrefu. Nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa chochote, na hili ni kwako wewe muuguzaji na kwake yeye. Acha povu la sabuni lipite juu ya mshono bila kusugua, suuza, halafu kausha kwa kugusagusa na kitambaa kile kilichopigwa pasi, usifute. Basi. Hakuna Dettol, hakuna spiriti, hakuna poda, asali, majivu wala unga wa vidonge vya rangi mbili. Hospitali wakikupa kitu cha kupaka tumia hicho tu.

Akishakauka, kama ana tumbo linaloning'inia (na wengi tunalo baada ya kuzaa, si aibu), mlaze chali, inua lile tumbo taratibu, hewa ipite dakika kumi na feni isimpige moja kwa moja, halafu weka kitambaa kikavu cha pamba katikati ya mkunjo na ubadilishe kila kikilowa jasho. Mshono mwingi unaooza huku kwenye joto letu unaanzia kwenye ule mkunjo, mtu haoni mwenyewe kwa sababu umejificha, kwa hiyo lazima mwingine amwangalizie kila siku. Piga picha kwa simu yake mwenyewe kila asubuhi mkilinganisha na ya jana, hapo hamtabishana kama imezidi au imepungua.

Kufunga tumbo sio dhambi. Kanga moja au mkanda wa hospitali, ukimshikilia vizuri anapotembea unampa nafuu, ila usibane pumzi, usikwaruze kidonda, na ufunguliwe akilala. Tumbo halitarudi kwa kubanwa, litarudi kwa muda.

Ganzi ya ngozi kuzunguka mshono inaweza kukaa miezi, na kuwasha nako kupo, hivyo visikutishe.

HATUA YA 4: Dawa na maumivu

Wazazi wengi wanajikaza, eti dawa itaingia kwenye maziwa. Paracetamol na dawa kama ibuprofen au diclofenac anazoandikiwa hospitali zinakubalika kwa anayenyonyesha. Asisubiri maumivu yafike kichwani ndo ameze, ameze kwa saa kama alivyoandikiwa hizo siku za mwanzo, maana mwenye maumivu hatembei, halali na hanyonyeshi vizuri. Paracetamol za miligramu 500 zisizidi vidonge 8 kwa saa 24, na angalia dawa za mafua maana nyingi zina paracetamol hiyohiyo ndani. Diclofenac na ibuprofen ameze akiwa amekula, na kama ana vidonda vya tumbo, pumu au presha amwambie daktari kabla. Usimnunulie dawa za maumivu zenye codeine, hizo zinaweza kumdhuru mtoto kupitia maziwa.

Antibayotiki akipewa amalize zote hata kama anajisikia mzima. Vidonge vya kuongeza damu pia, asile pamoja na chai maana chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini vizuri.

HATUA YA 5: Kula, choo, gesi

Gesi ya tumbo baada ya operesheni inauma hadi begani, watu wanadhani ni moyo. Kutembea ndo dawa yake, na maji ya uvuguvugu. (Ila maumivu ya kifua yanayokuja na kukosa pumzi ni habari nyingine kabisa, yako kwenye orodha ya hatari huko chini.)

Chakula sina maneno mengi. Mtori, supu, uji wa ulezi, samaki, maharage, mayai, mchicha, matembele, papai, parachichi, na maji mengi kwa sababu ananyonyesha. Wengine wanakataza mayai au maharage, sijui mshono utafanyaje, hapana, mwili unajenga nyama kwa protini, mpe. Kinachomtesa ni choo kigumu, kwa hiyo papai na mboga kila siku, na akikaa chooni asijikamue, aweke miguu juu ya kigoda, ashikilie ule mto. Siku ya nne tangu operesheni ikipita bila choo, pigia hospitali. Kama tumbo limejaa, linauma na anatapika, usipige simu, mpeleke.

HATUA YA 6: Kunyonyesha bila kulalia kidonda

Mtoto akipakatwa kawaida miguu yake inapiga palepale. Kuna mikao miwili inasaidia. Wa kwanza, mama alale ubavu, mtoto naye ubavu wametazamana, mto nyuma ya mgongo wa mama. Wa pili, mama akae, mtoto apitishwe chini ya kwapa kama vile umebana mkoba, miguu ya mtoto iende nyuma, kichwa kwenye kiganja, mto chini yake. Huu wa pili ndo uliomwokoa mdogo wangu.

Maziwa kwa aliyepasuliwa wakati mwingine yanachelewa siku moja mbili, dawa yake ni kumweka mtoto mara kwa mara, mchana na usiku. Msikimbilie maji ya glukosi wala maziwa ya kopo. Kazi yako we muuguzaji ni kumletea mtoto na kumchukua, asiinuke kila mara. Kitu kizito kuliko mtoto wake asinyanyue kwa wiki 6, sio ndoo, sio dumu, sio mtoto mkubwa wa miaka mitatu anayelilia kubebwa. Huyo mkubwa apandishwe kitandani akae pembeni ya mama yake, akumbatiwe hapo.

HATUA YA 7: Dalili za kumrudisha hospitali saa hiyohiyo

Hizi ziandike ubandike ukutani, na usiku usikuzuie:

- Pedi inalowa kabisa ndani ya saa moja au chini ya hapo, au mabonge makubwa ya damu yanatoka. Kawaida damu inapungua, kutoka nyekundu inakuwa ya kahawia halafu njanonjano, inaweza kwenda mpaka wiki 6.
- Joto 38 au zaidi, au baridi ya kutetemeka.
- Kidonda kinatoa usaha, kinanuka, kinaachia, wekundu unasambaa. Uchafu wa ukeni wenye harufu mbaya pia.
- Kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu, uso unavimba, au degedege. Kifafa cha mimba kinaweza kumpata hata akiwa ameshajifungua, hata kama presha ilikuwa nzuri wakati wa ujauzito. Kichwa kinachouma akikaa na kuachia akilala kinaweza kuwa cha ile sindano ya ganzi anayochomwa mgongoni wakati wa operesheni, nacho kinatibika, warudi.
- Kukosa pumzi, kifua kuuma, mguu mmoja kuvimba.
- Mkojo hautoki, au unachuruzika wenyewe bila yeye kujua.

Hiyo ya mkojo wanawake wanaificha kwa aibu miaka na miaka. Inaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu cha mkojo na uke, hasa kwa aliyekaa na uchungu muda mrefu kabla ya kupasuliwa, na inatibika. Hospitali ya CCBRT pale Dar wanaitibu bila malipo. Mwulize moja kwa moja ukiwa nae peke yenu.

Kwa Tanzania namba ya usafiri wa dharura kwa mama na mtoto mchanga ni 115, kupiga ni bure, hata baada ya kujifungua piga.

HATUA YA 8: Moyo wake

Wiki ya kwanza na ya pili atalia bila sababu, hiyo inawapata wengi na inapita. Ila mwanamke aliyepasuliwa anabeba na maneno ya watu, kwamba hakusukuma, kwamba ni mvivu, kwamba mtoto wake wa kununua. Mi niliambiwa hivyo na watu waliokuja kunipa hongera, nikawa naona aibu kwa kitu kilichotuokoa mimi na mwanangu. Mwanamke aliyepasuliwa amezaa. Ukisikia mgeni anaanza hayo mbele ya mzazi mkatishe hapohapo, bila kusubiri aondoke.

Mtoe nje jioni akae barazani, mchukulie mtoto saa mbili tatu alale usingizi wa kueleweka, shemeji zangu nanyi usiku amkeni kubadilisha nepi. Huzuni ikivuka wiki mbili, au halali hata mtoto akilala, hana hamu na mtoto, anasema bora nife, hiyo ni sonona ya uzazi, ni ugonjwa, apelekwe kliniki na asiachwe peke yake hata usiku mmoja.

HATUA YA 9: Kuelekea wiki ya sita na baada yake

Tarehe za kliniki za kwenye kadi zifuatwe zote, za mama na za mtoto. Kazi za nyumbani arudishiwe polepole, kuanzia za kukaa kama kuchambua mboga. Tendo la ndoa lisubiri akaguliwe wiki ya 6, na siku hiyohiyo wazungumzie uzazi wa mpango, wote wawili waende. Mfuko wa uzazi uliokatwa unahitaji muda, mimba nyingine isiingie kabla ya miezi 18 kupita, ikifika miaka miwili ni vizuri zaidi. Akiwa ananyonyesha aseme, maana kuna vidonge visivyomfaa mwanzoni, ila kijiti na kitanzi vipo.

Na ile karatasi ya kuruhusiwa inayoeleza kwanini alipasuliwa na alikatwaje, itie kwenye mfuko wa plastiki, piga na picha uitume kwenye simu ya mumewe. Mimba ijayo ataiwasilisha kliniki hudhurio la kwanza kabisa, na daktari ndo ataamua nayo kama anaweza kujaribu kuzaa kawaida au apangiwe tarehe, na kwa vyovyote ajifungulie hospitali yenye chumba cha upasuaji. Ya mdogo wangu iko kwenye sanduku la nguo za mtoto, juu kabisa.